Usibadilishe kitambulisho kifanane na kosa

(Haya nilisema Jumamosi iliyopita baada ya laasiri, hapa Langoni, Lamu, mbele ya wastaafu wa jeshi na watu wao wa nyumbani, habari ya kurekebisha rekodi za jeshi zilizokosewa. Walioko mbali wameniomba niwaandikie, kwa hiyo nimeandika vile vile nilivyosema, nimeondoa tu pale punda alipolia dakika mbili nzima na sote tukangoja amalize.)

Assalam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi mliovuka kutoka Hindi na Mpeketoni, upande wa bara, karibuni sana, najua boti la jioni halimngoji mtu kwa hiyo sitarefusha, ingawa mke wangu hapo nyuma ashaanza kucheka maana anajua nikisema sitarefusha kinachofuata ni nini.

Kwanza nijieleze. Mimi si wakili, sijawahi kuwa askari hata wa kulinda duka. Mimi ni mtu wa saiba. Kazi yangu ni kuchapa barua, kuskani, kutoa fotokopi, kuwajazia watu fomu za serikali kwenye mtandao. Miaka kumi na nne nimekaa kile kiti, na kama kuna kitu nimejifunza ni kwamba jina la mtu wa pwani likifika kwa karani wa mbali halirudi kama lilivyoenda. Chukua jina moja tu, Athman. Nimeliona Athumani, Othman, Uthman, Osman, na siku moja nililiona "Asman", hilo hata mwenyewe alikataa kuitika. Sasa weka bin, toa bin, weka jina la babu mbele ya jina la baba, halafu mwambie mzee wa miaka themanini athibitishe kwamba watu hao wote watano ni yeye.

Nimekuja kusema habari ya mjomba wangu, ndugu yake mama. Jina silitaji, kakataza mwenyewe, na yuko hapa, amekaa mahali nisipoweza kumwona vizuri, nadhani kusudi.

Mjomba aliingia jeshini 1962, wakati bado ni Keya, yaani ile King's African Rifles ya Muingereza. Tarehe 12 Disemba 1963 tukapata uhuru na zile bataliani za Keya zilizokuwa Kenya zikawa Kenya Rifles. Askari ni yule yule, bunduki ile ile, ila beji na makaratasi yakabadilika. Nataka mlishike hilo la makaratasi kubadilika maana makosa mengi ya wazee hawa yalizaliwa hapo hapo, katikati ya serikali mbili, faili linatoka mkono huu linaingia mkono ule. Halafu kabla hata wino haujakauka, Januari 1964 askari wa bataliani ya 11 pale Lanet, Nakuru, wakaasi. Wazee mnakumbuka. Waasi walikamatwa, na ile bataliani ya 11 ikavunjwa kabisa. Na huku kwetu na kaskazini vita vya Shifta, vile vya waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, vilikuwa vishaanza, 1963 mpaka 1967, watu wa bara huku, Wabajuni wa Kiunga na vijiji vya ule upande, wakakimbia na watoto mgongoni, wengine visiwani, wengine Malindi, wengine hawakusimama mpaka Mombasa. Mtu anayekimbia usiku habebi faili. Kuna familia hapa leo hazina hata kikaratasi kimoja cha kabla ya 1967 na si uzembe wao.

Mjomba alitumika huko huko kaskazini. Akatoka jeshini 1980 na pensheni yake, akarudi, akanunua ngalawa, akavua. Miaka yote pensheni yake ilikuwa ndogo kuliko ya wenziwe walioingia naye siku moja. Akiulizwa anasema, "Serikali ina hesabu zake." Basi. Mtu wa jeshi ashazoea kuambiwa simama anasimama, hakuuliza.

Mwaka 2018 akaja saiba na barua, kulikuwa na uhakiki wa wastaafu, jina kwenye rekodi ya jeshi haliendani na jina la kitambulisho. Herufi mbili tu. Na hapa ndipo mimi, bingwa wa saiba, nilipomharibia mjomba wangu kazi. Nikamwambia mjomba mbona rahisi hii, tunabadilisha kitambulisho kifanane na rekodi yao. Tukaenda tukaapa afidaviti, tukajaza fomu, akapata kitambulisho kipya chenye jina lililoandikwa kimakosa na karani fulani miaka hamsini na kitu nyuma. Nilijiona mjanja kweli. Baada ya wiki chache benki wakamkatalia maana akaunti ina jina la zamani, na hati ya shamba ina jina la zamani, na cheti cha ndoa kwa kadhi kina jina la tatu kabisa ambalo ndilo sahihi kuliko yote. Kutoka watu wawili nikawa nimemfanya watu watatu.

Ndiyo maana nasema na nitarudia hata mkinichoka: ukikuta rekodi ya jeshi imekosea, usibadilishe kitambulisho chako kifanane na kosa. Lifuate kosa lilipozaliwa ulirekebishe huko. Kitambulisho ukishakigusa umeshuhudia dhidi yako mwenyewe, na umekula kiapo juu yake.

Sasa lilizaliwa wapi? Hapo ndipo nilipoamka. Nilikuwa naandika barua za kulalamika, barua ndefu, "kwa heshima na taadhima", hakuna aliyejibu, au wanajibu kwamba suala linashughulikiwa. Kuna mama mmoja, karani mstaafu wa mahakama, alikuja kutoa fotokopi akasoma moja ya zile barua begani kwangu bila hata kuomba ruhusa, akaniuliza, "Wewe faili lenyewe umeliona?" Nikamwambia sijaliona. Akasema, "Sasa unalalamikia nini?"

Wallahi nilinyamaza.

Kwa hiyo kitu cha kwanza si kulalamika, ni kuomba nakala ya rekodi zako mwenyewe. Na hii si hisani mnaombaomba. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 35, inasema raia ana haki ya kupata habari zilizoko serikalini, na ile sehemu ya pili ya kifungu hicho hicho, ambayo watu hawaisomi, inasema kila mtu ana haki ya kurekebishiwa au kufutiwa habari ya uongo au ya kupotosha inayomuathiri. Inayomuathiri! Mzee anayekosa pesa yake ya kila mwezi kwa sababu ya mstari mmoja, kama hajaathirika huyo nani ameathirika? Halafu kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ofisi ya umma ikipokea ombi inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Wakikaa kimya au wakikukatalia kuna Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaiita Ombudsman, unapeleka malalamiko huko na huhitaji wakili. Na ya 2019, Sheria ya Kulinda Data, nayo inakupa haki ya kusahihishiwa taarifa zako. Jeshi wana mambo yao ya siri za usalama, hizo hawatakupa na usiziombe. Tarehe uliyoingia, namba yako, bataliani yako, tarehe uliyotoka, hizo ni zako. Andika hizo tu kwenye ombi, fupi, ukurasa mmoja, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila ule muhuri siku 21 unazihesabu kutoka wapi?

Tukaomba. Ilichukua zaidi ya siku 21, sitadanganya, na safari mbili za Nairobi, na kijana mmoja hapo njiani aliyejifanya anajua watu ndani akala elfu nane zangu na simu yake mpaka leo imezimwa. (Ukisikia mtu anakwambia "hiyo pensheni nitaisukuma", funga mfuko.) Lakini tukapata kurasa kumi na moja.

Tulizisoma usiku, mimi, mjomba na mke wangu, juu ya mkeka. Ukurasa wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Wa tatu, mjomba akautazama sana halafu akausukuma kama mtu anayesukuma sahani ya chakula kilichoharibika. Ulikuwa umeandikwa bataliani ya 11, ameachishwa kazi 1964.

Mjomba hajawahi kukanyaga Lanet.

Tukaweka kurasa zote chini ya taa. Kwenye ule wa tatu namba ya jeshi ilikuwa moja na yake, isipokuwa tarakimu ya mwisho. Yake inaisha na 7, hii inaisha na 1, na huyo karani wa zamani alikuwa anaandika 7 yake bila kile kikato cha katikati, ukitazama haraka ni 1 tu. Majina mawili ya mwanzo sawa sawa, jina la tatu tofauti. Yaani kuna mtu mwingine, masikini ya Mungu, mwenye majina kama ya mjomba, karatasi yake ya kuachishwa imechomekwa kwenye faili la mjomba. Na ukurasa wa nne ni kadi mpya iliyofunguliwa 1966, wakati wanabadilisha kadi za zamani. Sasa aliyekaa 1980 kupiga hesabu ya pensheni akaona: ameachishwa 1964, kadi mpya 1966, ah, huyu alifukuzwa akarudi. Akaanza kuhesabu 1966. Miaka minne ya Keya na Kenya Rifles ikaenda na maji. Miaka kumi na nane ikawa kumi na nne.

Lakini pesa siyo iliyomuuma mjomba usiku ule. Alisema kitu kimoja tu, "Kwa hiyo miaka yote hii wananisoma mwasi." Halafu akaenda kulala bila kula.

Tusonge. Kosa mkishalijua lilipo ndipo mnatafuta ushahidi, na ushahidi ni karatasi ya wakati ule ule, si barua ya chifu ya juzi. Barua ya chifu ni nzuri inasaidia kusema wewe ndiwe wewe, lakini chifu wa leo hakuwako 1964. Sisi tulikuwa na nini? Buku la mshahara lilikuwa limeliwa na mchwa likabaki jalada. Picha zipo, picha haina tarehe. Tukawa tumekwama mpaka mke wangu, mnamwona anavyojificha, akauliza kama mjomba alikuwa hamwandikii mamake barua.

Alikuwa akimwandikia. Na bibi, mama yake mama, hakujua hizi herufi za kizungu, kama bibi zetu wengi wa Lamu alisoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo mjomba alikuwa akimwandikia hivyo. Barua tisa, kwenye kisanduku cha bati pamoja na msahafu, zimekunjwa ndogo kama hirizi, zinanuka karafuu. Tatu bado zilikuwa na bahasha, na juu ya bahasha muhuri wa posta, Garissa, 1965. Stempu zenyewe ni za wakati ule Kenya, Uganda na Tanzania wanatumia posta moja. Na nyuma ya bahasha, kwa herufi za kizungu, namba yake ya jeshi kama walivyotakiwa waandike, na ile 7 mwishoni, 7 ya mjomba, ina kikato kama mkuki.

Mtu aliyefukuzwa kazi 1964 anafanya nini Garissa 1965 na namba ya jeshi?

Kuna kuchekesha kidogo hapo. Tulipopeleka, karani mmoja, mpole kabisa, akasema hizi barua za Kiarabu zitafutiwe mtafsiri aliyesajiliwa. Nikamwambia ndugu yangu, hiki ni Kiswahili. Akaniangalia. Nikamsomea: "Mama, baridi ya usiku huku ni kali na maji ni ya chumvi, nitumie kikoi." Akasema, "Kumbe." Nikaandika ile barua upya kwa herufi za kawaida, tukaapa kwamba ni sahihi, ikapokelewa. Kwa hiyo nyinyi wenye barua za aina hiyo msizitupe kwa kudhani hazina faida serikalini, chenye thamani ni ule muhuri wa posta.

Cha pili tulichopata ni mwenzake. Mzee mmoja wa Kitui, waliingia pamoja 1962, tulimpata kwa simu ya mtoto wa mtoto wa jirani yake, mnajua vile. Aliapa afidaviti huko huko kwa hakimu akaeleza walikuwa kambi gani, kitanda cha nani kilikuwa wapi, nani alikuwa sajini. Nawaambia shahidi wa namna hii mumtafute sasa. Samahani kwa kusema hivi mbele yenu wazee wangu, lakini mashahidi wanapungua kila mwaka.

Na msidhani ni sisi tu. Marekani kwenyewe, tarehe 12 Julai 1973, jumba lao la rekodi za wanajeshi karibu na St. Louis liliwaka moto, mafaili kama milioni 16 mpaka 18 yakateketea, na nakala hakuna. Wakafanyaje? Walianza kujenga rekodi upya kwa karatasi za pembeni: orodha za mishahara, daftari za hospitali, barua alizoweka mama wa askari. Yaani sawa na bibi na kisanduku chake. Na wao wana bodi maalum kila jeshi ya kusahihisha rekodi, na ombi linatakiwa lipelekwe ndani ya miaka mitatu tangu ugundue kosa, ila bodi inaweza kukusamehe ukichelewa kama haki inataka hivyo. Mimi ningependa bodi kama ile hapa kwetu, chumba kimoja, mlango mmoja unaojulikana, mzee asizungushwe kama kishada. Hayo ni maoni yangu.

Dada mmoja ameniletea kikaratasi hapa anauliza kuhusu babu yake aliyekwenda Burma. Dada, wa Burma walikuwa Keya vilevile, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, 1944. Huko rekodi zimeharibika zaidi ya hizi zetu, na za waliobeba mizigo vita vya kwanza, wale wa Kariakoo, ndiyo usiseme. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwenye ripoti yake ya Aprili 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, walikufa katika vita hivyo vya kwanza na hawakukumbukwa kwa majina yao, au huenda hawakukumbukwa kabisa. Hawakukosewa herufi, hawakuandikwa! Njoo saiba tukae, yako inataka siku yake.

Na wale ambao mzee ashatangulia, haki haijafa naye, lakini hamwezi kwenda watoto saba kila mtu na barua yake. Kwanza mirathi. Waislamu nendeni kwa kadhi, wengine mahakama ya kawaida, mpate karatasi inayosema nani msimamizi, halafu huyo mmoja ndiye anaandika. Nimeona familia hapa hapa mjini ikigombana nani aende Nairobi mpaka hakuna aliyekwenda.

Tarehe ya kuzaliwa nayo inasumbua, nigusie. Nani alikuwa na cheti cha kuzaliwa Pate miaka hiyo? Mjomba alijua hivi: kakake alizaliwa mwaka Mtaliano alipoangusha mabomu Malindi, nao ni 1940, na yeye alifuata kaka ashaota meno yote na anatumwa dukani. Ukihesabu ni 1944, 45 hivi. Jeshini wakaandika 1942 ili aonekane mkubwa, na kila mtu alijua. Hiyo mimi sikuigusa. Haikumpunguzia senti, na ukiwaletea makosa matano kwa pamoja watayatazama yote kwa jicho moja. Tulipeleka moja lililouma, ule ukurasa wa tatu.

Ilichukua miaka miwili na miezi saba. Barua ilifika siku ya mvua, bahasha ya kahawia, nikamsomea hapo hapo saiba watu wamejaa. Wanasema kumbukumbu zimepitiwa, karatasi iliyochomekwa kimakosa imeondolewa, utumishi wake unahesabiwa kutoka 1962, malimbikizo yatalipwa. Mimi nikaanza kupiga hesabu ya malimbikizo kwenye kikokotoo. Mjomba akanishika mkono. Akasema, "Mjomba, hiyo iache. Soma tena pale pa kuondolewa." Nikasoma. Akasema nisome tena. Mara ya nne mteja mmoja akasoma kwa sauti badala yangu maana mimi nilikuwa siwezi.

Halafu akaichukua barua akaikunja, ndogo, ndogo, vile vile kama alivyokuwa akikunja zile za mamake, akaitia mfukoni. Nikamwambia mjomba ngoja kwanza niitolee fotokopi. Akasema nitakupa kesho. Hajanipa mpaka leo, na ndiyo maana siwaonyeshi.

Lile jina kwenye kitambulisho tumelirudisha mwaka jana, kwa kiapo kingine na picha nyingine. Kwenye barua yenyewe kijiji chetu wamekikosea herufi moja, lakini mjomba kasema nikithubutu kuiandikia barua atanitoa masikio.

Basi. Saiba nafungua saa mbili asubuhi, Ijumaa nafunga saa sita. Njooni na karatasi zenyewe siyo picha za kwenye simu, na kama kuna kisanduku cha bibi mje nacho kama kilivyo, msianze kukipanga.